Kopo la Maziwa ya Mama

Jamani, chekeni taratibu, aibu yangu bado mbichi. Mama yangu wa kule Magamba aliugua mpaka akakonda. Mimi, mhitimu wa shule ya usiku na bingwa wa lishe wa Usambara nzima, nikampelekea kopo la maziwa ya unga. Nikamfundisha kuyakoroga kwa maji yaliyochemshwa, naye akaitikia kama mwanafunzi mtiifu. Kila Jumapili nilipokwenda, nilikuta kopo limepungua na mashavu ya Mama yamejaa.

Juzi jirani yetu, Mama Zaina, alikuja kumjulia hali. Nikampa shikamoo yake, kisha nikajitapa: "Umeona kazi ya elimu? Maziwa ya kopo hayo!"

Akacheka mpaka akashika mlango. "Wee! Mama yako hajayaonja. Anakunywa ya ng'ombe wangu kila asubuhi. Kitu cha dukani si huwekewa mgeni? Hayo anakukorogea wewe kwenye chai!"

Nikatazama shati langu. Kifungo cha tumboni kilishakata tamaa zamani.

Mama hakucheka. Alinisogezea kikombe.

"Shule ya usiku ilikuacha mifupa mitupu, mwanangu. Kunywa, inapoa."