Msharasi wa Pembe wa Buganguzi

Siku ya kwanza kazini sikupewa hata kiti. Bwana Utamaduni, ndivyo tulivyomwita mkuu wa ofisi yetu ya makumbusho pale Miembeni, Bukoba, alinisimamisha mbele ya meza yake na kuweka juu yake subana mbili nyeupe, zile kofia za kukinga kidole kisichomwe na sindano.

"Binti, moja ni mfupa, nyingine ni pembe ya ndovu. Sema ipi ni ipi."

Nchi ilikuwa imepata uhuru juzi tu, nami nilitoka shule ya misheni ya Walutheri najua kudarizi na kupiga pasi, basi. Nilizipeleka dirishani. Moja ilikuwa na vitundu vidogo vyeusi. Nyingine ilikuwa na mistari myembamba inayopishana, laini kama imepakwa samli.

"Hii yenye vitundu ilikuwa ng'ombe," nikasema.

Alicheka mpaka akakohoa. Nikaajiriwa! Nilirudi nyumbani mbio, viatu mkononi.

Kazi yetu ilikuwa kukusanya vifaa vya zamani vya kushonea na kusukia, vya mfupa na vya pembe, kabla plastiki haijavifuta. Hakuna kazi tamu kama hiyo, vijana, msidanganywe! Masista wazee walitupatia kulabu zao za kufumia lesi. Kisiwani Goziba, nilikofika baada ya kutapika njia nzima, wavuvi walinitolea sindano za mfupa za kushonea nyavu, zimeng'aa kwa kushikwa. Kila nilipofungua kitambaa kuona kilichomo, moyo ulinienda mbio. Bwana Utamaduni alinifunza kufuta pembe kwa kitambaa kikavu na kuiweka mbali na jua, maana ikikauka hupasuka. Akaniwekea na mwiko.

"Mtunzaji hatumii. Siku utakayoshonea kifaa cha makumbusho, kazi huna."

Kifaa kilichonitesa kwa mwiko huo tulikipata Buganguzi, upande wa Muleba, kwa Ma Paskazia, mjane Mkatoliki mwenye kibanja cha migomba na kahawa. Ulikuwa msharasi wa pembe, yaani sindano nene isiyo na tundu, ya kutobolea kikapu ili uzi wa ukindu upite. Katika ukoo wake, kila binti anayeolewa huenda kwa mumewe na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ya kuwakaribishia wageni. Mzunguko wa mwisho wa kikapu hicho hufungwa kwa msharasi ule, si kwa mwingine.

"Kuuchukua, chukua, mwana wange," alisema. "Nyumba yangu ni ya nyasi, ikishika moto nao umekwenda. Ila kukiwa na harusi, unaurudisha."

Bwana Utamaduni akaahidi, wakapeana mikono. Tangu hapo kila harusi ilipofika niliupeleka na kuurudisha mimi mwenyewe. Nilikaa pembeni nikiwatazama akina mama wakitoboa na kuvuta, vidole vyangu vikicheza vyenyewe. Nilitamani kutoboa hata mara moja tu! Nikikumbuka mwiko, nilikalia mikono yangu.

Ukaja wakati wa ujamaa, kila mtu akawa ndugu. Bwana Utamaduni akahamishwa, akaletwa Ndugu Mkuu, kijana mnyoofu kama rula. Hakuwa mtu mbaya, ila sheria aliipenda kuliko chakula. Wiki hiyohiyo Ma Paskazia akatuma ujumbe: mjukuu wake Domina anaolewa Jumamosi.

"Mali ya umma haitoki ofisini," Ndugu Mkuu akasema.

"Lakini tuliahidi, Ndugu."

"Aliahidi aliyehama."

Niliumia sana. Domina angekwenda kwa mumewe na kikapu ambacho hakijafungwa, na mimi ningeingia Buganguzi kwa uso gani? Nikajikaza.

"Sawa, msharasi hautoki. Je, wenye harusi wanaruhusiwa kuingia?"

"Makumbusho ni ya wananchi," akajibu. Maskini, hakujua anamkaribisha nani!

Ijumaa walishuka kutoka kwenye lori la kahawa, akina mama tele, na mafungu ya ukindu, na nyimbo, na Domina kajitanda khanga. Meza ya Ndugu Mkuu ilisukumwa ukutani. Ma Paskazia alimkalisha mwenye meza kitini, akamtilia punje za kahawa kiganjani.

"Tafuna, mwanangu. Mgeni hakai mdomo mtupu."

"Mama, hii ni ofisi yangu."

"Leo ni kwetu, waitu," akamjibu, kwa neno letu la heshima la Kihaya.

Akatafuna. Walisuka kwa nguvu zote, lakini saa ya kufunga ofisi ilifika kikapu hakijaisha. Nyimbo zikakatika. Ndugu Mkuu akasimama na ufunguo wa kabati mkononi. Alikitazama kikapu, akamtazama Domina aliyekwisha kuanza kulia, kisha akanigeukia.

"Ma Adela, kabati ni nini?"

"Ni mahali kifaa kinapotunzwa, Ndugu."

"Basi kuanzia leo kabati ni wewe. Ulipo wewe, kifaa hakijatoka."

Vigelegele vilivyopigwa pale, nadhani hata ziwani vilisikika! Nilipanda lori na msharasi kifuani, na kikapu kikafungwa Buganguzi kabla bibi harusi hajatoka nyumbani. Jina la Ma Kabati halijanitoka mpaka leo.

Nilipostaafu, binti aliyenirithi aliulinganisha msharasi na mchoro wa siku ulipoletwa. Ulikuwa umepungua.

"Nani ameupunguza?" akauliza kwa hofu.

"Harusi," nikamwambia. Ncha ikichakaa huchongwa upya. Nilipaswa kusikitika, lakini nilifurahi, tena sana, kwa ajili ya wasichana wote wale.

Mwaka jana mrithi wangu aliupeleka kwenye harusi ya mjukuu wa Domina, nami nikaalikwa. Domina, mvi tupu sasa, alikuwa ameketi mahali pa bibi yake. Ulipofika mzunguko wa mwisho, akanikabidhi msharasi.

"Mimi ni mtunzaji," nikasema.

Mrithi wangu akacheka. "Ulishastaafu, Ma Kabati. Kabati ni mimi."

Nikakipakata kikapu. Nikatoboa.