Kofia ya Nyaya Kichwani mwa Ciakuthii

Ciakuthii wa Githongo haogopi nyoka kwenye mibuni, wala haogopi mwenyekiti wa ushirika, ambaye sisi wengine tunamwamkia mara mbili. Lakini siku alipoenda mjini Meru kwa mpwa wake Kajuju, alizunguka mlangoni kabla ya kubisha.

Kajuju anasomea shahada ya juu chuoni, na alikuwa akitafuta watu wa kuvaa kofia yenye nyaya inayonasa umeme mdogo wa ubongo. Ciakuthii alikubali upesi mno. Alituambia anamsaidia mtoto wa dada yake. Uongo mtupu! Mama yake mzazi alianza kupotewa na akili akiwa na umri kama wa Ciakuthii sasa. Alisahau sufuria motoni, akasahau majina ya watoto, na mwisho akamfukuza Ciakuthii nyumbani akidhani ni mwizi. Tangu Ciakuthii asahau jembe shambani mwezi uliopita, hajapata usingizi wa maana. Alitaka kujua kama ugonjwa ule umemfikia, na aliogopa kuuliza.

Akavalishwa kofia, akapakwa jeli baridi. "Fumba macho tu, tata," Kajuju akamwambia, kama tunavyomwita dada wa mama. "Tulia, usifanye kitu."

Sasa wewe mwambie mama wa kanisa wa huku kwetu afumbe macho mbele ya mtu, halafu utarajie atulie! Huku macho hayafumbwi bure. Ciakuthii akaanza kuomba chini kwa chini, kwa Kimeru, midomo ikienda mbio, akimsihi Mungu amwachie akili zake. Alipofumbua macho alimkuta Kajuju ameinamia kompyuta, uso ameukunja. Mistari kwenye skrini ilikuwa imerukaruka ovyo.

"Nimekwisha," Ciakuthii akasema. Akaanza kuivuta kofia aivue.

"Hapana, tata! Uliongea?"

"Niliomba."

"Basi hiyo mistari ni taya yako. Si ubongo."

"Rudia basi. Uniambie kama niko na ugonjwa ya mama."

Kajuju akamweleza polepole. Anatumia hesabu ambayo wanafizikia waliiunda kwa ajili ya vitu vidogo kuliko vumbi. Anatafuta mahali umeme ulipo kichwani, na kasi yake unaposogea. "Nikibana mahali, kasi inanitoroka. Nikibana kasi, mahali panapotea. Kuna mpaka, tata, ata mashine ikue mpya aje. Na hii hesabu haitafuti ugonjwa. Haiwezi kukuambia."

Ciakuthii alikuwa amejiandaa kusikia ndiyo au hapana. Akapaza sauti. "Sasa umenitoa Githongo ya nini? Kichwa ya nani ndio unajua?"

"Ata yangu siijui." Kajuju akaketi. "Nilijipima wa kwanza kabisa, nikajipima tena. Mimi ndio nilipewa jina ya cucu, mama yenu. Tangu nizaliwe mnaniambia mimi ni yeye. Naogopa, tata."

Ciakuthii akamtazama msichana huyu ambaye, kwa sababu ya jina lile, yeye mwenyewe humwita mama. Hakuwahi kufikiri kwamba linaweza kumtisha mtoto. Akavuta kiti, akamshika mkono, jeli ikimtiririka shingoni. Alitaka kumwambia kwamba hatapatwa na kitu, lakini angejuaje?

"Twende hospitali," akasema mwishowe. "Mimi nitaingia kwanza."