Sura ya Tisa Ilivyogeuka Kola

Saa nane na robo mchana, fundi cherehani mmoja amepiga magoti chini ya meza ya kukatia, mkono umezama hadi kwapani ndani ya gunia la mabaki ya vitambaa. Anatafuta nusu ya sentensi.

Nusu ya kwanza ameshaipata. Ameibana kwa meno, pale ambapo siku nyingine hukaa pini.

"Nilikuwa nimeipatia!" anafoka, mdomo nusu wazi. "Siku mbili nzima nimehangaika nayo, leo imekuwa kola ya mtoto wa darasa la pili!"

Juu ya meza, sare za shule thelathini na mbili zinasubiri kukatwa. Kwenye cherehani iliyo karibu na dirisha, dada yake anaendelea kushona kwa utulivu wa mtu ambaye maneno hayo hayamhusu, ingawa chumba kizima kina watu wawili tu.

Wateja humwita fundi huyu Wembe. Sababu ni mbili: hufumua mshono kwa wembe haraka kuliko wengine wanavyoushona, na ulimi wake hauhitaji kunolewa. Ana miaka arobaini na mmoja. Dada yake, mwenye arobaini na tisa, huitwa Mkubwa na kila mtu, hata na wazee wanaoweza kumzaa.

Kila siku, saa nane hadi saa tisa kasorobo, jua linapowafukuza wateja barabarani, Wembe husukuma vitambaa kando na kufungua bahasha ya kaki. Humo mna riwaya yake. Ana dakika arobaini na tano, basi. Kwa dakika hizo, katika miaka sita, ameandika sura kumi na nne, na sasa anazirekebisha kwa mara ya nne.

"Asubuhi mimi ni wa watoto, mchana wa wateja, jioni wa sufuria," anasema. "Mume wangu ni fundi bomba. Akiinama chini ya sinki, nyumba nzima inanyamaza, baba yuko kazini. Mimi nikishika kalamu naulizwa, 'Una nafasi kidogo?'"

Lakini kinachomchoma zaidi si kukosa nafasi. Ni lile swali analoulizwa dukani, njiani, hata kwenye foleni ya maji: Hicho kitabu hakijaisha tu?

"Mtu analeta kitambaa cha suti. Namjaribisha mara ya kwanza, anashukuru. Namjaribisha ya pili, anasema huyu ndiye fundi. Ya tatu anawaleta na ndugu zake waje waone. Mimi nikirudia sura mara nne, wanasema sijui kuandika! Ningekuwa najua, eti, ningepatia mara ya kwanza."

Jumatatu wiki hii mhariri wa kampuni moja ya vitabu alimrudishia sura ya tisa na barua fupi. Riwaya wameipenda, ila sura hiyo haiaminiki. Airekebishe na kuileta Ijumaa, la sivyo kitabu kitatoka kwenye orodha ya mwaka huu, na ya mwaka ujao haina ahadi.

Wembe akaishambulia. Jumatatu na Jumanne alikata aya nzima, akaandika pembeni, juu, chini na kinyume, mpaka kurasa saba zikawa nyekundu kuliko nyeupe. Hakuwa na nakala nyingine ya marekebisho hayo. Jumatano asubuhi aliziacha mezani, akaenda kununua vifungo.

Hapo ndipo magazeti yalipomwishia Mkubwa.

Dada huyu hukata kwanza karatasi kwa umbo la kola au mkono, kisha huibana juu ya kitambaa ili imwongoze mkasi. Kwa kawaida hutumia magazeti ya zamani. Hata hili gazeti unalolisoma, msomaji wetu, limebakiza siku chache tu kabla halijawa ukosi wa mtu. Siku hiyo alipapasa rafu, hakukuta kitu. Akageuka, akaona kurasa saba za karatasi ngumu, safi, isiyochanika ovyo.

"Mkubwa, uliona ina maandishi!" Wembe anachomoza kichwa chini ya meza, uzi wa bluu umemning'inia sikioni.

"Niliona makovu," anajibu Mkubwa bila kugeuka. "Mstari mwekundu huku, mstari mwekundu kule. Nikasema huyu ameshaikataa."

"Sijaikataa! Kukatakata ndiyo kazi yenyewe!"

"Basi nimekusaidia kukata."

Mteja aliyekuja kuchukua suruali anacheka mlangoni. "Fundi, ya nini kupandisha presha? Si uandike tena? Maneno si yako, yamo kichwani?"

"Na wewe nikikupotezea suruali, utalalamika nini? Miguu si unayo?"

Mteja anaona ni vyema arudi baadaye.

Kisha Mkubwa anazima cherehani, anavuta kiti, anaanza kuchomoa pini kwenye kola alizokwisha kubana. Hasemi samahani. Kwa mujibu wa mdogo wake, neno hilo halijawahi kupita kinywani mwake tangu azaliwe. Anazipanga karatasi mezani moja moja: kola na kola, ukingo na ukingo, mstari ukikutana na mstari. Hivyo ndivyo anavyounganisha kitambaa cha mistari, na mistari isiyokutana humnyima usingizi.

Tatizo ni kwamba huwezi kuunganisha sentensi bila kuisoma.

Anasoma ukurasa wa kwanza. Anasoma wa pili. Kwenye wa tatu kidole kinasimama.

"Nani huyu analia?"

Wembe anarudisha kichwa chini ya meza.

"Nakuuliza wewe. Dada mtu anapiga magoti, anamvisha mdogo wake mkoba wa shule, machozi yanamtiririka, anamwambia, 'Nenda ukasome kwa niaba yangu.' Ndiye mimi huyu?"

"Ni hadithi, Mkubwa."

"Hadithi ina cherehani ya mama? Hadithi ina mlango wa bati wa kijani?"

Walipofiwa na mama yao, Mkubwa alikuwa na miaka kumi na sita, Wembe minane. Cherehani ilibaki, na kazi za watu zilibaki juu yake zikiwa nusu. Ndugu walikaa kikao, wakaamua mkubwa aache shule ashone. Hakuulizwa. Mkoba wake ukapewa mdogo.

"Mimi sikupiga magoti," anasema Mkubwa, na sasa sauti imepanda mpaka jirani anayeshona viatu anachungulia. "Nilikurushia. Nilisimama pale mlangoni nikakurushia ule mkoba kwa nguvu zangu zote, chuma cha mkanda wake kikakupiga usoni!"

Wembe anagusa juu ya nyusi ya kushoto. Pana alama ndogo hapo, nyembamba kama uzi.

"Nilidhani umesahau."

"Nitasahau vipi? Kila ukiinama nikupime nguo naliona hilo kovu. Nilikuwa wa kwanza darasani mimi! Nilikuwa na hasira hadi meno yananiuma. Halafu wewe, unayejua kila kitu, unaniandika malaika. Nani alikutuma?"

"Nilikuwa nakustahi, dada. Watu watasoma."

"Wasome! Shule walichukua, mkoba ukachukua wewe. Nikabaki na hasira yangu tu, na hiyo nayo umeninyang'anya?"

Wembe anasimama. Anatoa kwenye bahasha ile barua ya mhariri, anamsukumia mezani. Mkubwa anaisoma polepole, midomo ikicheza. Imeandikwa kwamba dada mkubwa katika sura ya tisa ni mwema mno, na kwamba hakuna binti wa miaka kumi na sita anayepoteza shule kwa upole namna hiyo.

"Huyu hanijui," anasema Mkubwa, "lakini ana akili kukuzidi."

Nusu ya pili ya ile sentensi ilipatikana jioni hiyo, imenasa chini ya pedali ya cherehani. Wembe aliisoma, akaiunga na ile ya kwanza. Ilihusu machozi. Alizirudisha nusu zote mbili gunini kwa mkono wake.

"Nilikasirika mara mbili," anasema siku ya pili yake, Alhamisi, macho mekundu. "Kwanza kwamba ameikata. Halafu kwamba alikuwa na haki ya kuikata. Miaka yote napigana na watu wanaosema kurekebisha ni kushindwa, kumbe mimi mwenyewe nilikuwa napiga pasi tu mahali panapotaka kufumuliwa. Na yeye kabla ya jana hakuwahi kusoma hata ukurasa mmoja."

"Sikuombwa," anasema Mkubwa kutoka dirishani.

Sura mpya ina kurasa tano hadi sasa, na ndani yake mkoba unaruka. Wembe amepania kuimaliza leo na kuipeleka kesho kwa mkono, mlango wa ofisi ukifunguliwa. Baada ya hapo zimebaki sura tano, na hakusudii kumpaka mtu sukari tena, akiwemo yeye mwenyewe, yule mdogo aliyeuokota mkoba akaenda zake shule bila kugeuka nyuma.

Sare thelathini na mbili zimelundikana kwenye kiti. Meza yote ni ya karatasi, na saa tisa kasorobo imeshapita kitambo. Yule mteja wa suruali amerudi, lakini Mkubwa amekaa mlangoni, futi shingoni, mguu umezuia njia.

"Subiri nje. Fundi anajaribisha."

Mteja anachungulia, haoni nguo. "Anajaribisha ya nani?"

"Yangu," anasema Mkubwa. "Ile ya kwanza ilinipwaya."