Jumatano Ambayo Hatukwenda

Nakumbuka siku moja, mwanangu, Jumatano ambayo mimi na mama yangu tulipaswa kwenda hospitali kuu ya Nakuru, na hatukwenda. Mvua haikunyesha. Barabara ya kutoka Njoro ilikuwa nzuri na gari la maziwa lilikuwa tayari kutubeba. Kilichotuzuia ni mimi. Sasa nina mvi, na siku ile bado inanitia hofu kana kwamba haijafika, kana kwamba bado naweza kuamka mapema nimwambie Mama avae viatu.

Sikusoma sana. Nilifika darasa la saba nikarudi kulima viazi. Nisipoyapanga maneno haya vizuri, univumilie.

Aliyenikumbusha haya ni Nyambura, binti ya kaka yangu mkubwa. Nyambura ni daktari, na mwaka huu amemaliza kusomea magonjwa ya ndani: moyo, mapafu, figo, sukari, yale yanayomla mtu bila kuonekana. Wiki jana alikuja kunisalimu, akakaa jikoni na simu mkononi, akaanza kunisomea mishahara ya madaktari wa aina yake, sehemu kwa sehemu.

"Baba Mdogo, sikia. Wale wa hospitali za kibinafsi Nairobi wanatuacha mbali sana. Wa kule kaskazini kwa ukame wanaongezewa marupurupu ya mazingira magumu. Sisi wa Nakuru tuko hapo katikati tu."

"Na ugonjwa? Uko katikati pia?"

Akacheka. "Wacha mchezo. Niambie niende wapi."

Nilimwongezea chai. Jibu lilikuwa na mama yangu ndani yake, na mama yangu simtaji ovyo.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Mama alianza kuvimba miguu, halafu pumzi ikawa fupi, hata kutoka jikoni hadi kwa ng'ombe ilibidi apumzike mara mbili. Akawa analala ameegemea gunia la viazi, kwa sababu akilala chali alisema ni kama mtu amemkalia kifuani. Nikampeleka Nakuru. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi, tukaingia karibu saa saba.

Daktari alikuwa mtu wa makamo. Sweta yake ilikuwa imeshonwa kiraka kwenye kiwiko, na viatu vyake vilikuwa na tope. Hakuwa na haraka. Alimuuliza Mama anakula nini, analala vipi, amezaa watoto wangapi. Akabonyeza mguu wake kwa kidole gumba, na shimo likabaki pale kama kwenye unga uliokandwa. Nililiona shimo lile, mwanangu.

"Mama, moyo wako umechoka kusukuma," akasema. "Maji yanabaki mwilini. Kunywa tembe hizi kila asubuhi, punguza chumvi, na Jumatano nikuone tena. Usiruke hata siku moja."

Akatupatia tembe katika bahasha ndogo ya kaki. Zilikuwa karibu bure, na hapo ndipo shetani alipopata mlango.

Nje, tulipokuwa tunapumzika, mwanamume mmoja aliyekuwa kwenye foleni alinisogelea. Alikuwa mcheshi, wa wale ambao huwezi kukaa nao kimya.

"Boss, mmeonwa na yule wa sweta?"

"Ndiyo."

"Umeona viatu zake? Mimi ni mkulima na zangu ziko afadhali." Watu wakacheka. "Sasa jiulize. Kama huyo angekuwa anajua kazi, si angekuwa Nairobi akikula pesa? Daktari anayebaki kwa benchi ya serikali ni yule ambaye hajachukuliwa."

Mama akasema kwa upole, "Mimi nimempenda. Anasikiza."

"Mathe, kusikiza hata mimi naweza," yule mtu akamjibu, na watu wakacheka tena.

Nilicheka pia. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nami nikaligeuza neno lao: nikaona kilicho ghali ndicho kizuri. Kwetu mtu akitaka ng'ombe bora huuliza bei kwanza, nami nikampima daktari kama ng'ombe sokoni. Siku ya tatu nilimwambia Mama aache zile tembe.

"Baba, yule daktari alisema nisiruke." Mama aliniita Baba kwa sababu mimi ni mwanawe wa pili, na kwa desturi yetu nilipewa jina la babake.

"Hizo ni za bure, Mama. Ngoja tupate daktari kamili."

Akazifunga kwenye leso. Hakubishana nami. Nadhani alibishana na nafsi yake.

Niliuza ng'ombe wetu mmoja, mtamba, nikashuka mjini, nikaweka nafasi katika kliniki moja ya kibinafsi yenye sifa. Ada ya kumwona daktari ilinitisha, nami nikafurahia ile hofu, nikidhani ndiyo dalili ya ubora. Nafasi iliyokuwepo ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, alasiri. Kwa hiyo Jumatano ilipofika tulibaki nyumbani. Mama alikuwa amekwisha kuoga.

Siku zile za kungoja sitaki kuzieleza sana. Uvimbe ulipanda magotini, ukapanda mapajani. Kila asubuhi nilisimama nje ya mlango wake nisikie kwanza kama anapumua, ndipo nibishe hodi. Ningeweza kumrejesha kwenye benchi lile siku yoyote. Lakini niliogopa kuonekana nimekosea, na kijana akiogopa hilo kuliko kifo, kifo hakina kazi kubwa.

Jumamosi tukaingia klinikini. Viti vilikuwa vya ngozi, na samaki wadogo walikuwa wakiogelea katika sanduku la kioo. Mama aliwatazama samaki wale, mdomo wazi, akihema kama wao. Tukaitwa. Mlango ukafunguliwa.

Alikuwa yule yule. Safari hii alikuwa na koti zuri na viatu vilivyong'aa, lakini uso ni ule, na mikono ni ile.

"Mama," akasema, "nilikungoja Jumatano."

Akamkalisha, akabonyeza mguu, na uso wake ukabadilika. "Tembe ulikunywa?"

Mama alinitazama kidogo tu. Kisha akasema, "Nilikunywa zote, daktari. Jumatano ndiyo nilisahau. Uzee."

Daktari akakunja uso. Akasema kama tembe zimenywewa zote na maji bado yamepanda hivi, basi kuna jambo jingine asilolijua, na ni bora twende Nairobi kwa vipimo zaidi. Akachukua kalamu aandike barua. Nami niliikazia macho kalamu ile. Mficha ugonjwa, kifo humuumbua. Ugonjwa hatukuuficha, tulificha aibu yangu.

Nikapayuka, kwa hasira ya mwizi aliyeshikwa. "Kwa nini hukutuambia kwamba una kliniki huku?"

Hakukasirika. "Asubuhi ni wa serikali, kijana. Mshahara wa msingi ni ule ule, niwe hapa au Nairobi. Wa Nairobi anaongezewa kodi ya nyumba, wa kwenye ukame anaongezewa shida zake. Nina watoto shuleni, kwa hivyo jioni na Jumamosi naketi hapa, nalipwa kwa kila mgonjwa. Lakini nikivuka barabara kuja huku sibebi akili nyingine."

Ndipo nikasema. Nilisema yote: tembe, leso, mtamba, yule mtu wa foleni. Mama akawa ananivuta shati ninyamaze.

Daktari akaweka kalamu chini. Hakunikaripia, na afadhali angenikaripia. Alisema tu, "Asante kwa kuniambia," akampigia simu mtu wa gari, na baada ya muda mfupi Mama alikuwa wodini, kule kule hospitali kuu, akidungwa dawa ile ile ya bahasha ya kaki kwa sindano.

Jumapili alipata nafuu, akaomba uji. Jumatatu akaanza kuhema tena. Jumanne asubuhi, jua limeshatoka, muuguzi alipomuuliza ilikuwaje akachelewa hivi, nilimsikia Mama kwa masikio yangu: "Mimi ndiye nilisahau." Hakusema tena neno la maana. Alikufa kabla ya saa nne, amebeba kosa langu kama mtu anayembebea mtoto mzigo njiani.

Kesho yake ilikuwa Jumatano. Siku ya kliniki.

Mwaka huu nimeanza kuona alama ya soksi kwenye kifundo changu cha mguu. Nikivua, mfereji unabaki. Naogopa, mwanangu, sikufichi. Nimekwenda kwenye benchi lile lile, nikaonwa na daktari kijana. Sikutazama viatu vyake. Nilimwambia kila kitu, hata chumvi ninayoiba mezani.

Basi Nyambura, hili ndilo jibu langu. Nenda unakolipwa vizuri, sikukatazi. Daktari ana tumbo kama sisi, na anayedharau jasho la mwingine ni mwongo. Ila kokote utakakokaa, Nairobi, kaskazini au hapa, mgonjwa akikuambia "nilisahau", vuta kiti, muulize tena, na umtazame aliyemleta.

Na wewe mwanangu usiye daktari: usiache mbachao kwa msala upitao. Usipime mkono wa mganga kwa mshahara wake. Tembe uliyopewa, inywe. Siku uliyoambiwa urudi, rudi. Na ukikosea, sema mapema, kabla mama yako hajakusemea.

Mungu akupe riziki ya kutosha na masikio ya kutosha. Pumzi yako iwe ndefu. Na wale unaowapenda, Jumatano yao ikifika, uwe umeamka mapema, viatu vyao viko mlangoni.