Babu Aliyeishi Kwenye Pikapu

Nyumba yangu iko juu ya mteremko mkali, na pikapu ya baba, kuukuu kuliko mimi, ilikuwa na breki ya mkono ya jina tu. Basi kwa miaka miwili baba, seremala asiyeshindwa na mbao yoyote, alinitembelea kila mwezi bila kuingia ndani. Mama alishuka, yeye akabaki garini amekanyaga breki. Chai nilimpelekea dirishani. Mjukuu wake nilimpitisha hapohapo, kama kifurushi.

Jiwe? Aliliamini mara moja. Pikapu ikalipanda, ikateremka, ikaangusha ukuta wa jirani. Na fundi magari hakuruhusiwa hata kuisogelea.

"Gari langu nalijua mwenyewe," alisema baba, akaendelea kukaza waya pale kwenye mkono wa breki. Mkono ukawa mgumu, gari likateleza vilevile. Ubishi wake ulinichosha, jamani.

Jumamosi, kama mama alivyonisimulia kwenye simu, alimkuta baba tena ameinamia waya uleule. Mama ni fundi cherehani.

"Mume wangu, kila siku unakaza uzi wa juu. Wa chini umewahi kuutazama?"

Baba akainuka. Akazuia magurudumu ya mbele, akainua nyuma kwa jeki, akaiegemeza kwenye stendi, akalegeza waya. Huko ndani ya magurudumu ya nyuma breki hazikuwa zimeisha, ila zilikaa mbali na dramu, lile bakuli la chuma zinalopaswa kuligusa ili gurudumu lisimame. Akazisogeza kwa kuzungusha kigurudumu cha kurekebishia kwa bisibisi, jino kwa jino, mpaka gurudumu likakwaruza, akarudisha kidogo. Ndipo akakaza waya, kidogo tu.

Jumapili wakaja. Baba alivuta breki, akaondoa mguu taratibu, akasubiri. Mama alisimama nyuma ya gurudumu na jiwe mkononi, maana imani ina mipaka. Gari halikutikisika.

Baba akashuka. Akavua viatu mlangoni, akaketi kwenye kochi langu, akalibonyezabonyeza. Nililia kwa furaha, sifichi.

Binti yangu aliamka, akamwona, akatoka mbio mpaka kwenye pikapu. Akachungulia kiti kitupu. Akarudi anapiga kelele.

"Mama! Babu ametoka!"

Kisha akamshika babu yake mkono, akamtembeza nyumba nzima, chumba kwa chumba, akimwonyesha kitanda ni kipi na mlango ni upi.