Mbuzi Mwenye Tumbo

"Huyo haingii! Nakwambia tena, mama Laker, huyo haingii pale getini, hata umsalie novena!"

Opoka alikuwa mlangoni, yunifomu ya kampuni ya ulinzi mwilini. Mkewe Ayaa hakuinua hata kichwa. Alikuwa anamshonea mbuzi wa uzi sikio la pili.

"Kofia ziliingia," akasema. "Skafu ziliingia. Soksi je?"

"Kofia ina tumbo? Hicho kitu kina tumbo. Chenye tumbo kinapasuliwa."

Alijua anachosema. Kabla ya kustaafu, miaka ishirini na sita alikuwa askari jela hapohapo gereza la Luzira, na minane kati ya hiyo alisimama getini na wembe mfukoni. Alipasua mito, alipasua mikate, siku moja akapasua mdoli na bibi aliyeuleta akalia mbele yake. Jioni ile alirudi nyumbani akala vizuri tu.

Sasa aliye ndani ni binti yao Laker. Aliingia na mimba, kesi ya wizi. Atoo akazaliwa humohumo, leo ana miaka miwili na nusu. Ayaa huenda kuwaona kila mwezi. Opoka hajaenda hata mara moja. Atapangaje foleni ya wageni, apekuliwe na vijana aliowafundisha mwenyewe kupekua?

Mwezi uliopita Atoo alionyeshwa mbuzi kwenye picha, akamwita paka. Mbuzi hajawahi kumwona. Neno hilo Ayaa alirudi nalo kama mwiba. Yeye alizoea kufuma vya kwenda mbele na kurudi tu, skafu na kofia. Akamfuata jirani yao Mkongo, Emérence, amfundishe kuongeza vitanzi na kuvipunguza, mpaka mguu uwe mguu. Wiki tatu nzima. Miguu aliifumua mara nne. Vitanzi vikilegea, pamba inachungulia nje, basi alivibana mpaka vidole vikamvimba.

"Mbuzi mwenyewe ana masikio ya sungura," Opoka akasema, sauti imeshuka.

"Wewe kazi yako kupasua, masikio utayajulia wapi?"

Ayaa akakata uzi kwa wembe.

"Twende wote leo, baba Laker. Wakikuona watamwacha mzima. Watasema huyo ni wa afande Opoka."

"Ndiyo maana siendi."

"Mtoto hajui hata sura yako."

Opoka akaketi. Akamchukua yule mbuzi, akamgeuza, akauchukua na wembe. Ayaa akamdaka mkono.

"Niache. Wao watamkata katikati, afumuke wote. Mimi nakata mshono tu."

Akakata taratibu. Akatoa pamba yote, kidogo kidogo, akaijaza kwenye kavera, mfuko wa nailoni. Mbuzi akalala pajani kwake kama soksi.

"Mpeleke hivi. Ngozi tupu hawana shida nayo. Laker atamjaza matambara, tumbo alifunge na kiuzi kwa vidole, sindano hawaruhusu."

Ayaa alimpapasa yule mbuzi bapa, kichwa mpaka mkia.

"Nilitaka amwone amesimama," akasema. "Mara ya kwanza tu, amwone amesimama."

Opoka akatazama saa ukutani.

"Mlinzi wa zamu ya usiku ananingoja nimpokee kule Bugolobi," akasema. "Ana safari yake, nisimcheleweshe." Akatoka, akapita nyuma ya nyumba, njia isiyopita geti la jela.