Lenzi Yenye Mkwaruzo

Mpiga picha wa soko la Albertville, Kongo, alikuwa mtu wa sauti ya chini. Kila mteja alimtoa juani, akamwinua kidevu kwa kidole kimoja. Mkewe alipougua asiweze kutoka nje, na mwanga wa flashi ukawa unamuumiza macho, mpiga picha alikwenda dukani kutafuta lenzi inayonasa picha kwa mwanga wa dirishani tu. Akachagua moja kuukuu.

"Papa, hii imekwaruzika," Maliki, muuzaji, alimwonya.

"Njo hii ninayoiweza," akajibu, akihesabu sarafu zake chache.

Jioni mkewe alijifunga kilemba, akaketi kitandani. "Nicheke?"

"Cheka, Mama."

Akacheka kama zamani. Kesho yake, picha ilipokauka, mumewe alikimbia nayo nyumbani, akawakuta wanawake wa jirani wameketi mkekani wakimlilia mkewe. Akawapa waitazame, mmoja mmoja.